Kocha akija nyumbani kumchukua mwanao, muulize: akivunja sheria, nani atamhukumu?

Mleta uzi

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Niko Texas mwaka wa kumi na sita sasa. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 17 na anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni kwao, upande wa ukabaji, nyuma ya yale mabonge ya mstari wa mbele. Kwa wasioijua Texas, Ijumaa usiku mji mzima unahamia uwanjani. Mtoto akionekana ana kitu, makocha wa vyuo wanaanza kupiga simu, halafu wanakuja nyumbani kabisa.

Wiki mbili zilizopita alikuja mmoja. Chuo sikitaji. Mke wangu alipika pilau na kachumbari, kocha akala sahani mbili, akamsifu mama, akamwita kijana wetu "mwanangu" mara nyingi kuliko ninavyomwita mimi. Akatuonyesha kwenye tableti picha za ukumbi wa mazoezi, mabafu ya barafu, walimu wa masomo ya ziada. Mwisho akauliza kama tuna swali. Nilikuwa nalo moja tu: "Mwanangu akikamatwa na polisi, utamfanya nini?"

Akaweka uma chini. Akasema, "Sisi ni familia. Mambo ya familia tunayamaliza ndani."

Mke wangu aliitikia kwa kichwa, maana kwetu hiyo ni kauli nzuri. Mimi usiku ule sikulala. Nilikuwa hapahapa Texas wakati mambo ya Waco yanafumuka, na najua "kuyamaliza ndani" kulizaa nini.

Kwa ambao hawakufuatilia: Chuo Kikuu cha Baylor, kilichopo Waco, kilikuwa timu ya kuburuza mkia kwa miaka mingi. Akaja kocha Art Briles, wakaanza kushinda, 2013 wakachukua ubingwa wa ligi yao. Wakati huohuo wasichana walikuwa wanalalamika kwamba wamebakwa na wachezaji. Januari 2014 mmoja wa wachezaji hao, Tevin Elliott, alihukumiwa miaka 20. Mei 2016 matokeo ya uchunguzi wa mawakili waliokodiwa na chuo chenyewe yakawekwa hadharani: makocha walikuwa na utaratibu wao wa nidhamu, pembeni ya ule wa chuo, na kuna nyakati waliambiwa habari za ukatili wa kingono wakaamua kutoripoti. Briles akaondolewa. Ken Starr akavuliwa urais wa chuo.

Sasa subirini. Agosti 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kikatoa uamuzi kwamba hakina kanuni ya kuiadhibu Baylor kwa namna ilivyoyashughulikia mashtaka yale ya ubakaji. Chombo kilekile ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na kanuni hadi ya msosi anaoruhusiwa mchezaji kulipiwa! Nilisoma habari ile nikiwa kwenye foleni ya kuosha gari, nikairudia mara tatu.

Ndiyo maana nasema jambo hili wazazi tulikamate sisi. Ukiondoa mahakama, aliyeachiwa rungu ni kocha, na kocha ana maslahi na kesi anayoihukumu. Simwiti mtu mbaya. Nasema hata akiwa mtu mzuri bado hafai kuwa hakimu.

Mchukueni Tom Osborne, kocha wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Mtu wa dini, mstaarabu, aliyeheshimika jimbo zima. Septemba 1995, usiku baada ya mechi na Michigan State, mkimbiaji wake nyota Lawrence Phillips alimvamia msichana aliyekuwa mpenzi wake na kumburuza ngazini kwa nywele. Osborne kwanza alisema amemfukuza. Baadaye ikawa amefungiwa. Alikosa mechi 6 akarudi, na Januari 2, 1996, kwenye fainali ya Fiesta Bowl, alianza kikosini, akakimbia yadi 165 na kufunga tachidauni 3. Nebraska ikaifumua Florida 62 kwa 24 na kubeba ubingwa wa taifa.

Osborne alijitetea kwamba Phillips amekulia kwenye makazi ya watoto wasio na wazazi wa kuwalea, kwamba futiboli ndiyo kamba pekee inayomshikilia, na ukiikata anazama. Naamini alikuwa anasema kweli toka moyoni. Na kwa kweli Phillips alizama: alifungwa zaidi ya miaka 30 kwa makosa mengine ya ukatili, na Januari 2016 alikutwa amekufa gerezani California.

Lakini angalieni kitu kimoja. Kamba ile ya uokozi ilifungwa kwenye jezi. Mazoezi, masomo, mshauri, daktari wa akili, chakula, kitanda, vyote hivyo ni kamba. Kwa nini iliyoonekana haiwezi kukatwa ni ile ya kucheza Jumamosi mbele ya kamera? Angekuwa mchezaji wa akiba wa tatu, Osborne angeitoa hoja hiyohiyo? Sijui kama hata yeye mwenyewe angeweza kujibu, na hapo ndipo ubovu ulipo. Mtu anayeamua hawezi kujua kama anamwonea huruma kijana au anauonea huruma msimu wake.

Upande wa pili yupo Charlie Strong, aliyepewa timu ya Texas pale Austin Januari 2014. Alikuja na mambo matano: sema ukweli, waheshimu wanawake, usitumie dawa za kulevya, usiibe, usimiliki silaha. Mwaka ule wa kwanza alifukuza wachezaji tisa hivi. Watu walimpigia makofi. Miaka mitatu baadaye alikuwa ameshinda mechi 16 na kupoteza 21, naye akafukuzwa. Sisemi alishindwa kwa sababu ya nidhamu. Nasema kila kocha nchi hii aliyaona yale, na hakuna kocha aliyefukuzwa akiwa na kombe mkononi kwa sababu tu ya kumwonea huruma mkimbiaji.

Msimamo wangu basi. Kosa linalomwumiza mtu, yaani kupiga, kubaka, kutishia kwa silaha, kocha asiwe na sauti kabisa. Siku polisi wanapofungua jalada, mchezaji avue jezi, na suala liende kwa watu wa chuo ambao mshahara wao hauongezeki timu ikishinda. Kocha kazi yake iwe mbili: kuripoti siku hiyohiyo, na kutomtupa kijana. Amtembelee, ahakikishe anaingia darasani, akae naye mahakamani kama mzazi yuko mbali. Makosa ya kipuuzi ya ujana, bia kabla ya miaka 21, kelele za usiku, hayo kocha ayamalize anavyojua, na amkimbize hadi atapike. Lakini mpaka kati ya hayo mawili uandikwe kabla msimu haujaanza, kabla hatujajua nani atakosea.

Karibuni. Wenye watoto, waliosoma vyuo vya huku, wanasheria, tiririkeni.

WakiliMchanga

Mleta uzi, uzi wako una nyama, lakini umeruka kitu kikubwa. "Siku polisi wanapofungua jalada avue jezi." Jalada si hatia, mkuu.

2006, Chuo Kikuu cha Duke. Si futiboli, ni lakrosi, mchezo wa mpira wa kurushwa kwa vijiti vyenye wavu, lakini somo ni hilohilo. Wachezaji watatu walishtakiwa kwa ubakaji. Chuo kikafuta mechi zote zilizobaki za msimu, kocha akalazimika kujiuzulu. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa North Carolina akatangaza kwamba vijana wale hawana hatia kabisa, na mwendesha mashtaka, Mike Nifong, akanyang'anywa leseni ya uwakili.

Mwingine ni Brian Banks. Alikuwa kijana wa sekondari pale Long Beach, California, na Chuo Kikuu cha USC kilikuwa kinamsubiri. Mwaka 2002 akasingiziwa ubakaji, akakubali makubaliano na upande wa mashtaka kwa kuogopa kifungo kirefu, akakaa gerezani zaidi ya miaka mitano. Mei 2012 hukumu ikafutwa baada ya aliyemshtaki kukiri kwamba haikutokea. Kijana wako ni mweusi, yuko Texas, ana mwili wa mtu mzima. Unataka sheria inayomvua jezi kwa neno la mtu mmoja?

Mimi naona tusubiri mahakama. Taratibu zipo.

Mleta uzi

Wakili, hapo umenigusa pabaya, kwa sababu ndiyo hofu inayomwamsha mke wangu usiku. Habari ya Banks naijua na nimemsimulia kijana wangu.

Nisahihishe kauli yangu. Kumvua jezi kwangu si adhabu, ni kusubiri. Kwetu mtumishi akituhumiwa anasimamishwa, mshahara unaendelea kiasi fulani, uchunguzi unafanyika. Kijana abaki na ufadhili wake wa masomo, abaki na chumba, abaki na daktari wa timu. Anachokosa ni mechi. Akionekana hana hatia arudi, na chuo kimwombe NCAA kumrudishia mwaka wake wa kucheza. Banks hakuangamizwa na kukosa mechi. Aliangamizwa na jela, pamoja na watu kumgeuzia mgongo.

Kuhusu kusubiri mahakama, kumbuka Florida State, 1999. Peter Warrick, mshambuliaji bora nchini wakati ule, na mwenzake Laveranues Coles walikamatwa kwa kuchukua dukani nguo za dola 412 na kulipia dola 21. Chuo kilikuwa na kanuni kwamba mwenye shtaka la kosa kubwa hachezi. Basi macho ya mji mzima yakahamia kwa mwendesha mashtaka: atalishusha au hatalishusha? Likashushwa kuwa kosa dogo, Warrick akakosa mechi mbili akarudi, na Januari 2000 wakachukua ubingwa yeye akiwa mchezaji bora wa fainali. Coles, aliyekuwa na matatizo ya nyuma, alishafukuzwa. Ukiifunga nidhamu kwenye jina la shtaka, unampa mwendesha mashtaka kazi ya kupanga kikosi. Naye anakaa mji uleule, pengine ana tiketi ya msimu.

DadaWaZamu

Nasoma kimya siku zote, leo niandike.

Nilifanya kazi ya usafi mabwenini miaka minne, chuo kimoja cha huku, sitakitaja. Nilikuwa zamu ya asubuhi. Siku moja nikakuta msichana wa ghorofa ya pili anahamisha vitu vyake peke yake saa kumi na mbili na nusu, kabla wenzake hawajaamka. Godoro lake la sponji, taa ya mezani, sufuria ndogo ya umeme, vyote amevirundika kwenye kile kitoroli chetu cha mashuka. Akaniomba nimshikie mlango wa lifti. Mkono wa kushoto alikuwa amefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Nikamuuliza mwanangu unakwenda wapi katikati ya muhula, akasema anahamia nje ya chuo kwa sababu hawezi kuendelea kukutana naye kwenye foleni ya chakula.

Huyo "naye" kila mtu pale alijua ni nani. Alikuwa amefungiwa mechi tatu. Mechi tatu zilipoisha alirudi uwanjani, picha yake kubwa ikaendelea kuning'inia ukutani bwaloni. Msichana hakurudi.

Sasa mnaongea kocha, wakili, chuo, jezi. Mimi nauliza: katika hizo mechi tatu au sita, kuna mtu alimwuliza yule msichana analala wapi? Wakili, nakuheshimu, sipingi kwamba kuna wanaosingiziwa. Lakini mnapohesabu hasara ya kijana kukosa mechi, hesabuni na ya yule aliyebeba godoro.

Mleta uzi

Dada, asante kwa kuandika. Nimemsomea mke wangu, amenyamaza muda mrefu.

Hilo sikuliweka kwenye msimamo wangu na lilipaswa kuwa la kwanza. Wakati suala halijaamuliwa, anayehama awe mchezaji. Yeye ana idara nzima ya kumtafutia chumba.

MwalimuWaMichezo

Mimi niko Tanzania, futiboli yenu siijui sana, ila nimepeleka timu UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, zaidi ya mara moja.

Mwaka mmoja mshambuliaji wangu tegemeo aliiba simu ya mwanafunzi mwenzake siku nne kabla ya safari. Walimu wenzangu wakasema mwache nyumbani. Mkuu wa shule akasema acheze, adhabu baadaye. Nilimpandisha basi, nikampa kazi ya kubeba maji, hakugusa mpira. Tulitolewa hatua ya makundi. Wazazi walinilaumu mwaka mzima. Yule kijana leo ana gereji yake, na kila nikipita ananisimamisha.

Ninachokiona hapo kwenu, kocha analipwa ili ashinde tu. Mimi ningeshindwa nisingepoteza mshahara, ndiyo maana niliweza. Kwa hiyo, mleta uzi, usimuulize kocha moyo wake ukoje, uliza mkataba wake unasema nini.

Swali: mnaonaje adhabu ya timu nzima?

MzeeWaAtlanta

Mwalimu, hapo kwenye mkataba umepiga msumari.

Adhabu ya timu nzima ilijaribiwa Penn State. 2007, baada ya wachezaji kadhaa kuvamia nyumba na kupigana na wanafunzi, kocha Joe Paterno aliamuru timu yote, waliokuwepo na wasiokuwepo, wasafishe uwanja baada ya mechi za nyumbani. Uwanja ule unaingiza watu zaidi ya laki moja. Piga picha mabonge hayo yanaokota vikombe vya soda na makopo safu hadi safu. Mimi adhabu ile naipenda kwa utovu wa adabu, kwa sababu inamfanya mwenzako akuvute shati kabla hujafanya ujinga. Lakini watu walishavamiwa na kupigwa. Kuokota takataka hakumjibu aliyepigwa. Na miaka minne baadaye tukajua chuo kile kilificha nini kuhusu msaidizi wa zamani wa Paterno, Jerry Sandusky, na watoto. Mahali ambapo kocha ni mkubwa kuliko chuo, hata adhabu nzuri haikupi usalama.

Hapa kwetu Georgia tatizo limekuwa magari. Januari 2023, saa chache baada ya gwaride la ubingwa, mchezaji Devin Willock na mfanyakazi wa timu walikufa kwa ajali. Gari lilikuwa linashindana na la mchezaji mwenzao, maili 104 kwa saa. Ungedhani vijana wangeogopa. Waliendelea kukamatwa kwa mwendo kasi msimu baada ya msimu. Kocha Kirby Smart alileta mapolisi wawaongeleshe, ikashindikana. 2024 akasema wachezaji wanakatwa fedha, kupitia kikundi cha wafadhili kilichokuwa kinawalipa kwa matumizi ya majina yao.

Hili mleta uzi hujaligusa. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa mwaka wa kwanza hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kizima. Sasa faini inawezekana. Kwa makosa ya barabarani naiunga mkono, tena iume. Kwa kumpiga mwanamke, sitaki kusikia neno faini. Hiyo ni kununua mechi.

WakiliMchanga

Nimerudi. Dada amenifanya nilale vibaya.

Nakubali kusimamishwa kwa kusubiri, kwa sharti kwamba uchunguzi wa chuo uwe na siku zilizoandikwa. Usimamishaji usio na mwisho nao ni hukumu. Na asiyekubaliana na uamuzi awe na mahali pa kukata rufaa, mlalamikaji na mlalamikiwa wote.

Niongeze moja: kufukuza peke yake kunahamisha tatizo. 2014 Chuo Kikuu cha Georgia kilimfukuza mchezaji Jonathan Taylor kwa tuhuma za kumpiga mwanamke. Alabama wakamchukua. Machi 2015 akakamatwa tena, wakamfukuza na wao. Mei mwaka huohuo ligi yao, SEC, ikapiga marufuku kumpokea mchezaji aliyeondolewa chuo kingine kwa ukatili wa kijinsia au wa majumbani. 2017 Chuo Kikuu cha Indiana kikaenda mbali zaidi na kuwakataa wenye historia hiyo hata wanaotoka sekondari. Kwa hiyo kanuni zinaandikika, watu wakitaka.

MzeeWaAtlanta

Na wakiona. Chuo Kikuu cha Oklahoma, viongozi walikuwa na video ya mchezaji wao Joe Mixon akimvunja mwanamke mifupa ya uso kwa ngumi tangu 2014. Wakamfungia msimu mmoja. Desemba 2016 umma ulipoiona, kocha Bob Stoops akasema kwa sasa kosa kama lile ni kufukuzwa tu. Ngumi ni ileile. Kilichobadilika ni idadi ya walioiona.

Mleta uzi

Wakuu, nirudi na mrejesho.

Juzi nilimpigia yule kocha. Nikamwambia tunashukuru kwa kutembelewa, mama anakusalimu, lakini tunaomba maandishi: mchezaji akikamatwa kwa kosa la kumwumiza mtu, nani anaamua, ndani ya siku ngapi, na kwenye mkataba wako wewe kuna kipengele gani usiporipoti. Akacheka kidogo, akasema miaka yote anayozunguka majumbani hajawahi kuulizwa hivyo na mzazi. Akasema atanitumia. Mpaka leo asubuhi hajatuma.

Wiki iliyopita alikuja mwingine, chuo kidogo zaidi, timu inayofungwa mara nyingi kuliko inavyoshinda. Nikamuuliza yaleyale. Huyu hakuniambia habari za familia. Alitoka nje kwenye gari, akarudi na karatasi nne zilizobanwa pini, akazigeuza hadi ukurasa wa tatu na kuweka kidole. Pameandikwa kwamba kocha hashiriki uamuzi, kwamba suala linakwenda kwa ofisi ya wanafunzi, na kwamba ufadhili unaendelea hadi uamuzi utolewe. Siku za uchunguzi hazijaandikwa, Wakili, nimemwambia. Habari ya nani anahama chumba haimo, Dada, na hiyo nimemwambia pia. Aliandika yote mawili kwa kalamu pembeni.

Kijana wangu alizichukua karatasi akazisoma mwenyewe mezani, taratibu, kidole kikipita chini ya mistari. Alipomaliza akaniuliza, "Baba, unadhani mimi nitampiga mtu?" Nikamwambia hapana. Mama yake akamwambia na yule msichana mwenye godoro naye ana baba.

Dirisha la kusaini linafunguliwa Desemba. Bado hajachagua.